Sura ya Saba: Wali wa Kuaga

Kanyi hakuogopa, na hilo ndilo lililomtia Inspekta Muthoki hofu.

Mwenye hoteli anayegongewa mlango Jumapili saa mbili asubuhi na maafisa wawili wa upelelezi huwa hajui mikono yake aiweke wapi. Mara aisugue, mara aitie mfukoni, mara atafute kiberiti na sigara hana. Kanyi alikuwa ameketi nyuma ya kaunta yake akinywa chai ya rangi, na kikombe hakikutikisika. Nje, malori ya Mombasa yaliingia kituo cha mafuta cha Mtito Andei moja baada ya jingine, na kila breki ilipolia Koplo Gedion aligeuza shingo kutazama dirishani. Koplo alikuwa hajalala siku mbili. Muthoki pia hakuwa amelala, ila cheo humkataza mtu kupiga miayo mbele ya mshukiwa.

"Ndunge aliacha kazi Ijumaa," Kanyi alisema. "Aliaga vizuri, na zile heshima zake za Kijapani, akaenda. Mimi si babake."

"Simu yake imezimwa tangu Ijumaa saa sita."

"Labda hataki kusumbuliwa."

"Kesho saa tatu alikuwa aje kwangu kuandikisha taarifa. Taarifa yenyewe inakuhusu wewe."

"Basi si ungoje kesho, madam? Haraka ya nini?"

Haraka ilikuwepo, na Kanyi aliijua. Ndunge Nzomo alikuwa na miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kalamba. Miaka mitano alikuwa ameishi Japani, katika mji mmoja wa chemchemi za maji moto, akifundishwa kazi ya geisha: kucheza ngoma za taratibu ambazo kidole kimoja kikikosea mwalimu huanza upya, kupiga shamisen, ala yao ya nyuzi tatu, kumimina kinywaji bila tone kuanguka, na kuongea na wageni mpaka aliyekuja na huzuni asahau alikuja nayo. Huko walimpa jina la Kosome. Aliporudi, Kanyi alimwajiri awachezee watalii wanaoingia Tsavo. Watu wa kwao walisikia neno geisha wakalitafsiri walivyotaka wao, na mamake akaambiwa kwa upole apumzike kidogo kwenye kwaya ya akina mama. Kwamba geisha ni msanii, na anachouza ni ustadi wake na wala si mwili, hilo hakuna aliyekuwa na muda wa kulisikiliza.

Kisha Kanyi akaanza kuwaambia wasichana kwamba atawapeleka Japani wakawe kama Ndunge. Watatu walimwamini. Mwezi wa pili walivuka mpaka wa Taveta kwa gari, wakiambiwa ndege wataipandia upande wa pili, na tangu siku hiyo hakuna aliyesikia sauti zao. Ndunge alipotambua kwamba jina lake ndilo lililokuwa chambo, alimpigia Muthoki akilia. Akaahidi kuja Jumatatu. Bila yeye hapakuwa na kesi. Muthoki alikuwa ameshahudhuria mazishi ya mashahidi wawili katika miaka kumi na minne ya kazi, na wa tatu hakutaka hata kumfikiria.

"Angalia mwenyewe alivyoaga," Kanyi alisema. Aliinuka akafungua friji, akatoa kisanduku cha plastiki kilichofungwa kwa kipande cha leso ya buluu. Ndani mlikuwa na wali mweupe, umeshindiliwa vizuri, haukuguswa. "Wali mtupu. Hata chumvi hauna. Siwezi kuula, na kutupa chakula cha mtu naogopa laana. Na kimono ile pale, ameirudisha."

Kimono ilikuwa juu ya rafu, imekunjwa ndani ya karatasi nyeupe na kufungwa kamba. Juu yake kulikuwa na kipepeo cha mkono cha kujipepea chenye jina la Kosome. Muthoki aliipekua kwa kalamu bila kuigusa. Mtu aliyetekwa hakunji nguo namna ile. Lakini pia mtu anayetoroka hana muda wa kukunja nguo namna ile.

Gedion alikuwa amerudi kutoka uani. "Gari zako ni mbili, mzee. Pickup nimeiona. Ile Noah nyeupe?"

"Imepeleka wafanyakazi kanisani."

"Kanisa gani?"

"Koplo, mimi nasali kwangu, wao wanasali kwao. Nitajuaje?"

Muthoki aliandika: Noah, nyeupe, haipo. Toka jana alikuwa ameweka vizuizi pande zote mbili za barabara kuu, upande wa Emali na upande wa Voi, kila gari likaguliwe mpaka buti. Tena alikuwa na maafisa ishirini wakichana vichaka kando ya uzio wa mbuga. Hao ndio waliomkosesha usingizi. Kule ndani mwili haukai siku mbili, na fisi hawaandikishi taarifa.

*

Nyawira aliwafungulia mlango baada ya kuuliza mara tatu ni nani. Chumba chake kilikuwa nyuma ya hoteli, kimoja na choo cha nje. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, amesoma Kijapani chuoni Nairobi, na kwa mwaka mzima Ndunge alikuwa amemfundisha kucheza. Yeye ndiye angekuwa msichana wa nne. Na ni yeye aliyepiga ripoti Ijumaa jioni kwamba chumba cha Ndunge kiko wazi na kitanda kimetandikwa.

"Ameambiwa nitamchinja?" Muthoki alimuuliza Gedion kwa utani, maana msichana alikuwa amesimama pembeni ya kitanda kama anayengoja kipigo. Msichana hakucheka. Gedion naye hakucheka.

"Madam, nilikuwa nimeongea na dadake Ndunge," Nyawira alisema. "Si dada wa damu. Yule wa Japani, Kikuyo. Wale wakiingia hiyo kazi wanapewa dada mkubwa, wanakunywa pombe kwa kikombe kimoja, basi imeisha, ni dada mpaka kifo. Amesema anataka kuongea na polisi. Niko na yeye kwa laini saa hii."

Kwenye simu ya video alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi. Kwao ilikuwa saa tisa mchana, na alikuwa akijitayarishia karamu ya jioni. Alivaa fulana ya kawaida iliyoshushwa mabegani, na kwa brashi pana alikuwa akijipaka rangi nyeupe shingoni huku akitazama vioo viwili, kimoja mbele na kingine nyuma. Nyuma yake wigi mbili nyeusi zilikaa juu ya vichwa vya mbao, na hapo kando kulikuwa na koti jeupe la duka la dawa. Asubuhi alikuwa akiuza dawa, Nyawira alieleza. Zamani mji wao ulikuwa na geisha mia mbili. Sasa walibaki kumi na mmoja, na mdogo wao alikuwa na miaka arobaini, ndiyo sababu walimpokea msichana kutoka Kalamba bila kuuliza maswali mengi.

Kikuyo alisema kwa ufupi, na Nyawira akatafsiri.

"Anauliza, mdogo wake aliaga vipi?"

"Mwambie alirudisha kimono na kipepeo. Akagawa wali."

Nyawira alitafsiri. Brashi ilisimama shingoni. Nusu ya shingo ilikuwa nyeupe kama chaki, nusu bado ngozi ya mtu.

"Anasema, wali wa rangi gani?"

Muthoki alitazamana na Gedion. Alikuwa ameulizwa maswali mengi katika kazi hii, lakini hilo lilikuwa jipya.

"Anasema hivi," Nyawira aliendelea, sauti ikipungua. "Geisha akiacha kazi anapelekea wali wote waliomlea. Mwalimu, mwenye nyumba, dada, mzazi. Ni desturi ya zamani sana na yeye ndiye alimfundisha. Ukipewa wali mweupe peke yake, maana yake anakuambia kwako harudi tena. Ukiwa na maharagwe madogo mekundu ndani, basi mlango hajaufunga. Anaweza kurudi."

"Wako ulikuwaje?"

Nyawira alionyesha kisanduku chake mezani, leso ileile ya buluu. Kilikuwa kimeliwa nusu. Kilichobaki kilikuwa cheupe pe. Msichana alikitazama kama ndiyo kwanza anakiona, akaanza kulia kimya kimya.

"Wa Kanyi pia mweupe," Gedion alisema.

"Anauliza wa mamake."

Muthoki alifumba macho kidogo akarudi Kalamba kwa mawazo. Jana saa nne. Nyumba ya bati ya Mama Mbinya, mzazi wa Ndunge, meza yenye kitambaa cha kufuma, na katikati ya meza kisanduku kile kile cha plastiki kikiwa wazi, kijiko ndani. Alikumbuka alivyokitazama bila kujali, maana nani huchunguza chakula cha mama aliyepotelewa? Wali. Na juu yake vitu vidogo vyekundu.

"Ulikuwa na maharagwe," alisema. "Nimeuona kwa macho yangu. Madogo, mekundu."

Nyawira alikuwa hajamaliza kutafsiri. Upande wa pili Kikuyo aliweka brashi chini, akainama mpaka paji la uso likatoka kwenye picha, na mabega yake yakatikisika.

Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Muthoki alivuta pumzi ikafika chini. Hesabu ilikuwa wazi. Ndunge alikuwa amemuaga Kanyi moja kwa moja, amemuaga na mwanafunzi wake, lakini kwa mamake alisema atarudi. Kwa hiyo yu hai, amejificha kwa akili yake, na kesho atajitokeza. Tena ikiwa amejificha, vizuizi vyenye picha yake na maafisa wanaopiga firimbi porini vilikuwa vikimsaidia mtu mmoja tu, naye ni Kanyi. Ukimtafuta shahidi kwa kelele, unamtafutia adui yake.

Alimpigia mkubwa wake, akaeleza. Mkubwa, aliyekuwa ameshalalamikiwa na kampuni za mabasi kuhusu foleni, alikubali kabla sentensi haijaisha. Saa tatu na nusu Muthoki alipiga Emali, kisha akampigia Konstebo Ben kwenye kizuizi cha Voi.

"Acheni kukagua. Ondoeni picha. Fanyeni kazi za kawaida."

"Uko sure, madam?"

"Niko."

Mwisho alimpigia Mama Mbinya, maana aliona si haki mzazi akae na hofu ambayo yeye ameshaitua. Alimweleza habari ya wali na maharagwe.

"Mwaitu? Unanisikia?" Muthoki aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Nakusikia," mama alisema. "Maharagwe ni kurudi."

"Ndiyo, mwaitu. Ni kurudi."

"Asante, mwanangu. Mungu ni mwema."

*

Walikula kwenye kibanda kando ya kituo cha mafuta, saa nne kamili. Gedion aliagiza wali maharagwe na kuuvamia. Muthoki alichukua chai na chapati, akawa anatafuna huku akiandika ripoti. Simu ililia. Nyawira alikuwa ametuma picha: Kikuyo ameomba mama wa Ndunge aonyeshwe wali wa kurudi unavyokuwa, afurahi.

Muthoki aliifungua. Kisha akaiweka simu mezani, kando ya sahani ya Gedion, na kumshika koplo mkono uliokuwa ukiinua kijiko.

"Usile."

"Kuna nini? Sumu?"

"Tazama hapa. Halafu tazama hapa."

Kwenye picha wali wote ulikuwa wa waridi. Kila punje. Maharagwe yale yalikuwa yamechemshwa kwanza, na maji yake mekundu yakapikiwa wali, kwa hiyo hapakuwa na punje moja nyeupe. Kwenye sahani ya Gedion wali ulikuwa mweupe, na maharagwe yamemwagwa juu, na mchuzi, na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia.

"Jana ulikuwa wapi nikiongea na Mama Mbinya?"

"Mlangoni."

"Ulisikia harufu gani?"

Gedion alifikiri. Alikuwa mtu wa chakula, na pua yake haikuwa imemdanganya tangu azaliwe. Alikiweka kijiko chini taratibu. "Kitunguu," alisema.

Wali aliouona Muthoki kule Kalamba ulikuwa mweupe. Hakuona wali wa kurudi. Aliona sahani ya Gedion.

Alimpigia Mama Mbinya. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, ikakata.

"Turudishe vizuizi," Gedion alisema.

Hapo ndipo Muthoki alipofanya kosa ambalo baadaye hakulificha katika ripoti yoyote. Alifikiri namna ya kumwambia mkubwa. Nusu saa iliyopita amemwapia kwamba shahidi yuko salama. Sasa ampigie aseme nini? Kwamba barabara ya Mombasa ifungwe tena kwa sababu ya kitunguu? Huenda Ndunge mwenyewe alipika kivivu, jikoni kwa watu, bila kufuata desturi yote. Huenda.

"Tukamwulize mama kwanza," alisema. "Tuwe na uhakika."

Ni mwendo wa karibu saa mbili. Gedion aliendesha kama anayefukuzwa, akayapita malori kulia na kushoto, na walipoiacha lami wakaingia barabara ya vumbi, simu ya Muthoki ikapoteza mtandao. Alipiga mara nne nyingine kabla mtandao haujapotea. Hakuna aliyepokea.

*

Mama Mbinya hakuwa ameenda kanisani. Walimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda, amevaa nguo ya Jumapili, kitambaa cha kichwa kikiwa magotini mwake pamoja na simu.

"Mwaitu, nimekupigia mara sita."

"Nimeona."

"Mbona hukushika?"

"Niliogopa utaniuliza."

Muthoki alichuchumaa mbele yake. "Ule wali. Ndunge alipouleta Ijumaa, ulikuwa na kitu ndani?"

Mama alitazama majivu ya jikoni.

"Ulikuwa mtupu. Hata mafuta hauna. Nikasema, mtoto huyu huko kwa watu amesahau kupika? Kwangu hakuna mtu amewahi kula wali mtupu, hata mgeni wa ghafla. Alipoenda, nikachemsha nthooko, hizi kunde zangu za shamba. Nikakaanga na kitunguu, nikamwaga juu. Nikala nikimshukuru Mungu kwa ajili yake."

"Na leo nilipokupigia, nikakuambia maana yake?"

"Ulisema ni kurudi. Wewe ni serikali. Nikasema labda serikali inajua kuliko mimi." Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Nakudanganya. Nilijua papo hapo kwamba hizo kunde ni zangu. Lakini nilikuwa sijasikia neno zuri tangu Ijumaa. Nilitaka nikae nalo, hata kama ni siku moja."

Gedion alitoka nje. Muthoki alibaki pale alipochuchumaa. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira yake asiione.

"Aliniambia pia," mama aliendelea, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. "Alipiga magoti hapa, akaweka paji la uso sakafuni, nikamwambia ainuke, atachafuka. Akasema, mwaitu, nimewapotezea watu watoto. Mimi nikienda, wao watarudi. Nikamkemea asiongee uchizi. Akafungua sanduku lake akachukua pasipoti."

Sasa yote yalikaa mahali pake, na Muthoki hakupenda yalivyokaa. Walionunua ng'ambo waliahidiwa geisha, wakapelekewa wasichana watatu wasiojua hata kukunja kimono. Walimtaka wa kweli. Kanyi alikuwa amempa Ndunge bei, yeye kwa wale watatu, na Ndunge alikuwa ameikubali. Hakuogopa kuja kuandikisha taarifa. Aliogopa kwamba Kanyi akikamatwa, hakuna atakayejua wasichana walikofichwa. Ndiyo maana alikunja nguo. Ndiyo maana Kanyi alikunywa chai bila kutetemeka.

"Madam!" Gedion aliita kutoka kilimani nyuma ya nyumba, ambako simu zao zilipata mtandao. Walimkimbilia wote wawili. Konstebo Ben alikuwa kwenye laini.

"Noah nyeupe? Ndiyo, imepita hapa, madam. Saa nne na nusu. Wanaume wawili mbele na msichana kiti cha nyuma. Nilimsalimia, akaniitikia na Kikamba, akasema wanaenda harusi Taveta."

"Kwa nini hukuwasimamisha?"

"Si ulisema tuwaachie, madam?"

Saa nne na nusu. Saa nne kamili alikuwa ameshika simu mkononi, Gedion akimwambia arudishe vizuizi.

"Wamesema nini?" Mama Mbinya aliuliza.

Angeweza kusema bado wanatafuta. "Amepita, mwaitu," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia wamwachie. Na nilipoanza kuwa na shaka niliona haya kusema."

"Basi tuko wawili," mama alisema.

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Muthoki alipiga mpakani Taveta, akabadilishiwa watu watatu, akarudia jina la Ndunge kwa kila mmoja, mpaka akapewa Sajenti Musyimi, na Musyimi akasema taratibu, kama asiyetaka wa kando yake amsikie: "Huyo yuko mbele yangu, madam. Ni wa tatu kwenye foleni."

"Usigonge muhuri."

"Nilimwuliza mara mbili alipoingia foleni. Anasema anasafiri kwa hiari yake. Ni mtu mzima. Nimzuie kwa kosa gani?"

"Pasipoti yake ameishika nani?"

"Dereva. Ameshika za wote."

"Hilo linatosha kumwuliza dereva maswali. Mpe msichana simu."

Muthoki alisikia viatu, sauti za watu, mtoto akilia mahali fulani. Kisha Musyimi tena. "Anakataa. Anatikisa kichwa tu. Amebaki mmoja mbele yake, madam. Na hawa wanaume wameanza kunitazama vibaya."

Mama Mbinya alinyoosha mkono. Hakuomba. Muthoki alimpa simu.

"Mwambie askari aweke sauti watu wote wasikie," mama alisema, na huku Gedion akambonyezea spika. Kisha akaongea kwa Kikamba, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya korongo.

"Ndunge! Ni mimi mwaitu wako. Wali wako niliutia kunde."

Mama aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Unanisikia? Uliniletea mtupu, mimi nikautia kunde kwa mkono wangu, nikala nikamaliza. Sikujua maana yake. Sasa nimeambiwa. Na hata ningejua, ningetia. Huo wa kwako mweupe siupokei. Sijaupokea."

Foleni ya Taveta ilikuwa imenyamaza. Gedion alikuwa ameziba mdomo kwa kofia.

"Madam," Musyimi alisema ghafla. "Ameketi chini. Hapa sakafuni, katikati ya watu. Dereva anamvuta mkono."

"Mshike dereva! Washike wote wawili!"

Kukawa na vurugu, kiti kikaanguka, mtu akatukana, mwanamke akapiga kelele, na kwa muda ambao Muthoki hakuweza kuupima hapakuwa na sauti iliyoeleweka. Mama Mbinya aliishika simu kwa mikono miwili na macho ameyafumba. Kisha sauti ya msichana ikasikika karibu kabisa, inahema.

"Mwaitu."

"Mwanangu."

"Mwaitu, sasa umefanya nini? Na wale watatu? Walikuwa wawaachie leo. Nikishafika tu. Leo, mwaitu."

Mama alifumbua macho. Alimtazama Muthoki. Muthoki alijua kwamba ndani ya saa moja habari zitamfikia Kanyi, na kutoka kwa Kanyi zitafika huko wasichana waliko, na alichoweza kufanya ni kumwashiria Gedion apige kituoni Kanyi akamatwe kabla hajagusa simu. Gedion alikuwa ameshaanza kupiga.

"Huyo Inspekta atawatafuta," mama alisema. "Wewe utamwambia yote unayojua, hata yale mlikatazwa kusema. Na mama zao nitawaendea mimi."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilikataa kukutoa."

Ndunge alilia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamrudishia Muthoki simu, kisha akachukua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga vizuri, fundo nyuma, kama wafungavyo watu wa kwaya.

"Katika mama zao, wa karibu ni nani?" aliuliza.

"Mamake Katunge," Muthoki alijibu. "Ni kule Matinyani, mwaitu, Kitui. Si karibu."

"Anajua mtoto wake alikuwa arudi leo?"

"Hajui."

Mama Mbinya alishuka kilima akaufunga mlango wa jikoni. Aliingia kwenye gari kiti cha mbele, akaketi na mikono magotini, akawangoja.